Vijana 48, msitu wa Amani na mvua isiyokatika: niahirishe au niende?

Shikamoo Babu,

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Tanga mjini. Nafundisha jiografia na pia nalea klabu ya vijana ya mbio za ramani. Kwa asiyeujua mchezo huu: msituni vinatundikwa vibendera vya rangi ya chungwa na nyeupe, kila timu inapewa ramani na dira, inavitafuta kimoja baada ya kingine, inatoboa kadi yake kwenye kila kituo, kisha inarudi. Anayerudi mapema na vituo vyote ndiye mshindi.

Mwaka huu tumepanga kwenda Amani, Muheza, siku ya Sabasaba. Wanafunzi ni 48, kidato cha pili na cha tatu. Wazazi wamechanga shilingi 20,000 kwa kila mtoto, Kosta mbili zimelipiwa nusu, na mfanyabiashara mmoja wa hapa mjini ametupa fulana zenye jina la duka lake. Kibali cha hifadhi tunacho. Tusipokwenda siku hiyo, baadaye ni mitihani na hela ya gari hairudi.

Tatizo ni hali ya hewa. Masika yamepita lakini mvua haikuondoka nayo. Wiki iliyopita tulipanda watu watatu kukagua njia. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mashamba ya chai, manyunyu hayakatiki, na kijito tulichokivuka mwaka jana kwa kukanyaga mawe safari hii kilinifika magotini. Usiku nililala na sweta na khanga mbili na bado nilitetemeka.

Na mwaka jana, Babu, kwa mvua ndogo tu, wasichana wawili walitupotea. Tulikuwa tunakimbiza vijana wawiliwawili. Saa nane mchana tulipakia gari la mwisho tukiamini hao wawili wametangulia na gari la kwanza. Wenzetu wakatupigia simu kutoka Muheza: hawamo. Walipatikana karibu saa kumi na moja jioni na mama mmoja aliyekuwa anatoka kuchuma chai. Mmoja wao alikuwa hawezi hata kutaja jina lake likaeleweka, taya zinagongana. Wazazi wamenisamehe. Mimi sijajisamehe.

Kwenye kamati yupo mwalimu wangu. Nasema mwalimu wangu kwa sababu ndiye aliyenifundisha kusoma ramani nikiwa binti wa kidato cha kwanza, na klabu hii ameianzisha yeye. Amechora njia ya kilomita 7 yenye kupanda mita 420, anasema saa mbili zinatosha. Nikitaja mvua ananijibu kwamba huko Sweden wanakimbia kwenye theluji. Siwezi kubishana naye mbele ya watu. Hata dira 12 alizotuletea rafiki yake kutoka Sweden nimeogopa kumwambia kwamba sindano zinagoma, zinakwaruza na kusimama.

Jambo la mwisho. Yule binti aliyeshindwa kusema mwaka jana ameomba kwenda tena. Sijamjibu.

Niahirishe?

Mwalimu wa Makorora, Tanga

———

Marahaba, binti yangu.

Nimeisoma barua yako mara tatu, na mara zote nilisimama pale pale, kwenye lile gari la mwisho. Umeniuliza habari za mvua. Lakini mwaka jana mvua ilikuwa ndogo, umesema mwenyewe. Wale watoto wangeweza kupotea hata siku ya jua kali, na mngepakia gari vilevile. Kilichowaangusha ni kwamba hapakuwa na mtu hata mmoja pale Amani aliyejua, kwa hakika na si kwa kudhani, ni nani yumo msituni na nani ametoka. Hilo ukilitengeneza, nenda. Usipolitengeneza, ahirisha hata kama Sabasaba itaamka bila wingu.

Nina sababu ya kulishikilia hivi. Ujana wangu nimeumaliza kwenye upimaji wa ardhi, nikizunguka milima hiyo hiyo ya Usambara. Siku moja ukungu ulitushukia tukafunga kazi mapema, tukarudi kambini kila mtu kwa njia yake. Chakula kilipopakuliwa sahani moja ikabaki. Ilikuwa ya mshika mnyororo wetu wa kupimia ardhi, kijana wa miaka kumi na tisa. Tulimpata giza limeshaingia, ameketi kwenye shina la mti, umbali ambao mchana ungeweza kumrushia jiwe. Alikuwa ametuita mpaka sauti ikakauka. Sisi tulikuwa tunakula, mvua inapiga majani, hatukusikia kitu. Tangu siku hiyo sijaiamini sauti ya mtu msituni wakati wa mvua, na sijakaa kula kabla ya kuhesabu.

Basi fanya hivi. Tafuta ubao, upigilie misumari, kila timu msumari wake na namba yake. Timu ikiingia msituni, kibati chenye namba yake kinatundikwa. Ikirudi, kinatolewa na wale vijana wanaonekana kwa macho, vichwa vinahesabiwa, majina yanatiwa alama. Ubao huo ukae juu ya meza moja, na meza hiyo iwe na mtu mmoja asiyeondoka hata kwenda chooni bila kumkabidhi mwingine. Aliyeshindwa, aliyechoka, aliyeumwa tumbo, aliyekata tamaa kituo cha kwanza, wote wapite mezani. Hakuna kwenda moja kwa moja kwenye gari. Na gari la kwanza lisiwashe injini mpaka ubao uwe mtupu.

Mwalimu wako anapotaja Sweden, mwambie kwa heshima kwamba hata huko hivyo ndivyo wanavyofanya. Mchezo huu umezaliwa Skandinavia; mashindano ya kwanza ya wazi yalifanyika Norwei, karibu na Oslo, tarehe 31 Oktoba 1897, na baadaye Waswidi wakaukuza. Ni kweli wanakimbia kwenye baridi inayoua. Ndiyo maana sheria yao moja haina msamaha: hata usipomaliza, lazima uripoti kwenye kituo cha kumalizia. Tukichukua theluji yao, tuchukue na sheria hiyo.

Sasa njia yenyewe. Kilomita 7 na mita 420 za kupanda. Kuna hesabu ya zamani aliyoiacha Mskoti William Naismith mwaka 1892, na wapanda milima wanaitumia mpaka leo: saa moja kwa kila kilomita 5, ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Ukiipiga unapata dakika 84 na dakika 42, jumla dakika 126. Kwa hiyo mwalimu wako hakukosea kuhesabu, saa mbili zake zimetoka mahali panapoeleweka. Lakini hesabu hiyo ni ya mtu mzima mwenye pumzi, anayetembea kwenye njia, hewa safi, bila kusimama. Watoto wako watakuwa wanasimama kila mara kugeuza ramani, wanateleza kwenye majani yaliyooza, wanazunguka miti iliyoanguka. Zidisha mara mbili. Ni saa nne na zaidi, na wa mwisho atakuwa amechelewa kuanza. Jua huku kwetu mwezi huo linazama saa kumi na mbili na nusu hivi, lakini chini ya miti mikubwa, ukungu ukiwepo, saa kumi na moja tayari huoni maandishi ya ramani.

Fupisheni. Chukueni kilomita 3 na mita 90 za kupanda, kwa hesabu ile ile ni dakika 45, na ukizidisha mara mbili ni saa moja na nusu. Na muihamishe kutoka ndani ya msitu mkubwa iende kwenye bustani ya zamani ya mimea, ile iliyopandwa baada ya Wajerumani kuanzisha kituo chao cha utafiti pale mwaka 1902. Kuna miti mirefu ya kumtosha kila mtoto kujiona yuko porini, lakini pia kuna njia, nyumba, barabara na mashamba ya chai pembeni. Kijana akipotea upande mmoja anaangukia barabara, akipotea upande mwingine anaangukia chai. Mpangaji mzuri huanza kwa kutafuta mipaka hiyo, ndipo anatundika kibendera cha kwanza. Msitu mkubwa utabaki pale pale, mtarudi mwezi wa tisa.

Kijito kilichokufika magotini kifuteni kabisa kwenye ramani, visiwepo vituo ng'ambo yake. Maji yale ndiyo yanayoshuka mto Sigi mpaka bwawa la Mabayani, ndiyo tunayokunywa mjini, kwa hiyo watoto wetu wanayajua kwa upole wake wa bombani tu. Huko juu ikinyesha nusu saa mlimani, kijito kinabadilika wakati watoto wako upande wa pili. Na kama kuna kibendera chochote kwenye miamba yenye ukoga wa kijani, pale yanapoota yale maua madogo ya urujuani ambayo Usambara imeyapeleka kwenye madirisha ya dunia nzima, kiondoeni. Jiwe lile likilowa ni sabuni, na maua yale hayatakiwi kukanyagwa. Wala msitundike chochote chini ya mti mkavu au tawi lililokufa. Upepo wa kusi ukivuma na miti imelowa, matawi huanguka bila kutoa taarifa.

Kuhusu dira, hazijafa. Zimetengenezwa kwa ajili ya kwao. Sumaku ya dunia haivuti sindano kwa mlalo peke yake, inaivuta pia kwenda chini. Huko Sweden, inayovutwa chini ni ncha ya kaskazini, kwa hiyo fundi huongeza uzito kidogo upande wa kusini ili sindano ilale sawa. Huku tuliko, chini ya ikweta, inayovutwa chini ni ncha ya kusini, na tayari imeongezewa uzito. Ndiyo maana inakwaruza. Mfundishe kijana aishike dira, aiinamishe taratibu mpaka sindano iwe huru, ndipo asome. Itamwonyesha kaskazini ya kutosha kugeuzia ramani. Lakini usimtume mtoto kukata msitu mita 400 ndani ya ukungu akifuata sindano ya namna hiyo. Hiyo ni sababu nyingine ya kukaa karibu na njia. Na kama kuna hela ya kununua hata dira mbili tatu, ulizeni zile zilizosawazishwa kwa ukanda wetu, au zile za dunia nzima.

Msiende wawiliwawili tena. Vijana 48 wakikaa wannewanne ni timu 12. Mmoja akivunjika mguu, mmoja anabaki naye na wawili wanakwenda kuita. Waachie kila baada ya dakika 5, timu ya mwisho itaingia dakika 55 baada ya ya kwanza. Mkianza saa tatu na nusu asubuhi, saa saba kamili mchana mchezo umefungwa kwa kila mtu, aliyemaliza na asiyemaliza. Kila mtoto awe na kipenga shingoni. Kwa aliyepotea au aliyeumia ni milio sita ndani ya dakika moja, anyamaze dakika moja, arudie. Anayemjibu apige mitatu. Wafanyieni zoezi uwanjani shuleni, wapige mpaka wachoke, ili siku yenyewe wasione haya. Na wajue sentensi moja kwa moyo: tukipotea tunakaa pamoja hapo hapo, hatushuki bondeni. Kutafuta ni kazi ya mwongozaji wa hifadhi na watu wazima wawili. Watoto hawatumwi kutafuta watoto. Waone pia wenyeviti wa vitongoji na wasimamizi wa chai mapema. Mwaka jana aliyekuokoa ni mama wa chai, na hakuwa hata ameambiwa kuna watoto humo.

Hapa kwenye baridi nitakaa kidogo, kwa sababu sisi watu wa pwani hatuiogopi, hatuijui. Amani iko kama mita 900 juu ya bahari. Hewa hupoa nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000, kwa hiyo mtoto anatoka Makorora na joto lake, anakuta hewa iliyopoa, halafu unamlowesha, halafu unamsimamisha kwenye upepo. Hahitaji theluji kupata madhara. Yule binti aliyeshindwa kutaja jina lake hakuwa na hofu tu. Taya zinazogongana, ulimi mzito, kujikwaa ovyo, kujibu mambo yasiyoulizwa, hizo ni dalili kwamba mwili umepoa mpaka ndani. Na akiacha kutetemeka huku bado ni wa baridi, hapo ndipo hatari imezidi, gari liondoke naye kwenda hospitali. Wa namna hiyo mvue nguo zote zilizolowa, mfunge khanga kavu na blanketi, mkinge na upepo, na kama ana fahamu na anaweza kumeza mpe chai ya moto yenye sukari nyingi, kidogo kidogo. Msimsugue mikono na miguu kwa nguvu, mwacheni apate joto polepole.

Zile fulana za mfadhili ni za pamba, bila shaka, na pamba ikilowa inakaa na maji ngozini kama kitambaa cha kupozea homa. Msikimbie nazo. Kila mtoto aweke mezani mfuko wake wenye jina: fulana mpya, sweta, soksi, khanga. Akirudi, anapewa uji wa moto, anabadilisha, anavaa fulana ya mfadhili ikiwa kavu na safi. Picha itapendeza zaidi ya watoto waliopakwa tope, na mfanyabiashara wako atafurahi. Ramani zitieni kwenye mifuko ya plastiki ya kuhifadhia karatasi inayouzwa stesheneri, na kadi zijazwe kwa penseli. Wino ukilowa unaondoka na matokeo yote.

Halafu kuna swali la nani atasema basi. Hili liandikeni sasa, mkiwa mmekaa mjini, matumbo yameshiba. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari ya mvua kubwa kwa mkoa wa Tanga, hamwendi. Saa kumi na moja alfajiri mpigie mwongozaji aliyeko Amani kwenyewe. Usitazame dirisha lako: kusi hutoka baharini na unyevu, ukifika Usambara unalazimika kupanda, unapoa, unanyesha, Raskazone hapo mjini panaweza kuwa na jua huku Amani hamwonani. Muulize na dereva kuhusu barabara ya kupandia. Mkifika, chagueni mti ulio hatua mia kutoka mezani: msipouona kwa ukungu, hakuna anayeingia. Ngurumo ya radi ikisikika, wote watoke. Na mwenye neno la mwisho awe mtu wa mezani, asiwe aliyechora njia. Nimewahi kuchora njia, najua unavyoumia kuiona haikukimbiwa. Maumivu hayo yasipewe madaraka.

Mtu wa mezani ni wewe.

Kwa hiyo inabidi uongee na mwalimu wako, lakini si kwenye kikao. Nenda kwake baada ya magharibi, nyumbani, peke yako. Shikamoo yako ya siku zote, kaa, kunywa chai yake. Fungua ramani aliyoichora, mwombe akupigie hesabu ya Naismith kwa mkono wake, kisha muulize: mwalimu, hii ni kwa mtu wa namna gani? Atajua. Aliyemfundisha mtoto kusoma ramani hawezi kushindwa kuisoma mwenyewe. Kisha mwombe akuchoree ile njia fupi ya bustanini, kwa sababu njia fupi yenye utamu ni ngumu kuchora kuliko ndefu, na hakuna mwingine hapo shuleni anayeiweza. Habari za dira mwambie hapo hapo, na mpe sababu, asije akadhani rafiki yake alileta takataka.

Wazazi waandikieni wiki hii: safari ipo, njia imefupishwa, na kama alfajiri ya Sabasaba itakataa, watoto watakimbia Ngamiani, hapo hapo mjini. Nasema kweli. Barabara za Ngamiani zina namba, mtoto hawezi kupotea akapoa, na mbio za ramani za mjini ni mchezo kamili unaotambulika duniani. Chora ramani kubwa, weka vituo kwenye visima, misikiti, viwanja na kona za maduka, waulize kitu ambacho lazima wafike ndipo wakione. Ongeeni na mwenye Kosta mapema muone kama atakubali kuwasogezea siku. Asipokubali, nusu hiyo itapotea. Iacheni ipotee.

Na yule binti mjibu leo, usimlaze tena na swali hilo. Mwambie ndiyo. Muulize anataka kukimbia au anataka kukaa na wewe mezani kushika ubao. Akichagua kukimbia, awe kwenye timu ya wanne pamoja na rafiki anayemwamini. Akichagua meza, mpe penseli na orodha ya majina, na kila timu ikirudi yeye ndiye ahesabu vichwa kwa sauti.